Hospitali ya mama inatoka kwenye mtandao wa bima yake Januari: tubadilishe bima au hospitali?

Mwana_wa_Mbagala (Fort Worth)

Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 71, alifanya usafi hotelini mpaka alipostaafu. Yuko kwenye Medicare Advantage, yaani Medicare (bima ya serikali ya Marekani kwa wazee) inayoendeshwa na kampuni binafsi. Ni ya aina ya HMO, inayolipia tu hospitali na madaktari wa mtandao wake, yaani wenye mkataba nayo, na haina malipo ya ziada ya kila mwezi. Hospitali iko karibu na nyumbani, daktari wake wa moyo yuko hapo, na kliniki ya kisukari iko ghorofa ya juu yake.

Sasa imekuja barua. Hospitali na kampuni ya bima wameshindwa kuelewana kwenye mkataba, na kuanzia Januari 1, 2026 kadi ya mama haitapokelewa pale isipokuwa kwa dharura. Kampuni imetuma orodha ya hospitali "zilizo karibu", na iliyo karibu kuliko zote iko ng'ambo ya jiji. Mama haendeshi gari.

Naona njia tatu: kuhamia Advantage nyingine ambayo hospitali inaipokea, kwenda PPO (Advantage inayoruhusu kutoka nje ya mtandao), au kurudi Medicare ya kawaida, ile ya serikali moja kwa moja. Dirisha la kubadilisha linafungwa Desemba 7. Aliyepitia hili aseme.

NesiWaZamu (Dallas)

Pole kaka. Nafanya kazi hospitalini, na simu za namna hii wenzangu wa mapokezi wanazipokea kutwa. Watu wanauliza, "Mnapokea Medicare?" Jibu ni ndiyo, kisha mtu anakata simu akiwa na furaha ambayo Januari itamtokea puani.

Piga ofisi ya bili ya hospitali, si mapokezi. Msomee namba ya mpango unaoufikiria, inaanza na H na tarakimu nne, halafu kistari na tarakimu nyingine. Huonekana kwenye kadi na kwenye makaratasi ya mpango. Kampuni moja huwa na mipango chungu nzima, na hospitali inaweza kukubali mmoja na kukataa mwingine wa kampuni hiyohiyo. Taja tarehe: "Je, Januari 1 mtakuwa kwenye mtandao wa mpango huu?" Kisha piga tena kwa daktari wa moyo, kwa sababu madaktari wengi wana mkataba wao mbali na wa hospitali. Unaweza kuokoa jengo ukampoteza daktari.

Orodha ya madaktari kwenye tovuti ya kampuni usiitegemee peke yake. Nimeona humo daktari aliyestaafu kitambo.

Jamaa_wa_Duluth

Hapa kwetu Minnesota tulionja hiyo mapema. Essentia Health ilijitoa kwenye mitandao ya Medicare Advantage ya UnitedHealthcare na Humana kuanzia Januari 2025. San Diego, vikundi viwili vya madaktari wa Scripps viliachana na Advantage 2024. Malalamiko ya hospitali ni yaleyale: vibali vinacheleweshwa, madai yanakataliwa, malipo yanachelewa.

Mimi ningechukua PPO. Ukitoka nje ya mtandao bado wanalipa, ila unachangia zaidi. Kwa mzee asiyetaka kuachana na daktari wake, inatosha.

NesiWaZamu (Dallas)

Hapo kwenye PPO nakupinga, ndugu. Bima kuwa tayari kulipa si sawa na hospitali kukubali kumpokea. Kama haina mkataba na mpango huo, kwa miadi ya kawaida inaweza kukataa, na dharura tu ndiyo haiwezi kukataa. Pia tazama ukomo: mwaka 2026 kiwango cha juu anachoweza kutozwa mgonjwa ndani ya mtandao ni dola 9,250, lakini kwa PPO ukijumlisha ya ndani na ya nje kinaweza kufika 13,900. Mipango mingi iko chini ya hapo, ila soma kabla ya kusaini.

Jamaa_wa_Duluth

Sawa, hilo la kukataliwa sikuliweka maanani. Nabaki na PPO ikiwa tu hospitali imesema kwa mdomo wake kwamba itampokea.

Mama_Asha_Boston

Wanangu, hamjambo. Mimi nina miaka 74, na tangu nilipoanza niko Medicare ya kawaida na Medigap, bima ya kampuni binafsi inayolipia yanayoachwa na Medicare. Sijawahi kumuuliza mtu kuhusu mtandao. Hospitali ikipokea Medicare nimeingia, basi. Karibu zote zinapokea.

Ila mwanangu wa Mbagala, usimtoe mama huko aliko kabla hujajua kama Medigap watamkubali. Medicare peke yake inamwachia asilimia 20 ya gharama za daktari bila ukomo wowote, na akilazwa anaanza na dola 1,736 za 2026. Medigap ndiyo inaziba hapo. Taabu ni kwamba ile miezi 6 ya kwanza, ukiwa na miaka 65 na Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari), ndiyo wanalazimika kukukubali bila kukuuliza magonjwa. Ikipita, Texas wanaruhusiwa kuuliza. Mwenye moyo na kisukari mara nyingi hurudishwa mlangoni. Huku Massachusetts sheria ni laini, na New York na Connecticut wanaingia mwaka mzima. Huko kwenu sivyo.

Mwana_wa_Mbagala (Fort Worth)

Shikamoo mama. Lakini si kosa letu hospitali kutoka. Hilo halimpi haki ya kuingia Medigap bila maswali?

Mama_Asha_Boston

Marahaba. Ingekuwa mpango wenyewe unafungwa au unaondoka kwenye wilaya yenu, haki hiyo angekuwa nayo. Hospitali kutoka peke yake kwa kawaida haimpi. Mngekuwa mwaka wa kwanza wa Advantage, akiwa ameingia mara tu alipofikisha 65, pia angeweza kurudi. Sasa aombe Medigap kwanza, asubiri barua ya kukubaliwa, ndipo ajiandikishe Part D ya dawa. Hiyo Part D yenyewe ndiyo inayomtoa Advantage.

Bukavu_Abilene

Bandugu, mbona hakuna aliyeuliza kama mama ana Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo? Baba yangu tulihangaika hivihivi na wakala. Alikuja nyumbani na kalenda, akanywa chai, akatuuzia Advantage nyingine. Ile nayo hospitali yetu haikuwemo. Wakala analipwa kwa kuandikisha, msimlaumu sana, lakini msimwachie kalamu.

Mwenye Medicaid au msaada wa bei za dawa hafungwi na Desemba 7. Tangu 2025 anaweza kutoka Advantage mwezi wowote, akaingia Medicare ya kawaida pamoja na Part D. Na akiwa QMB, msaada wa jimbo kwa wenye Medicare na kipato kidogo, jimbo linalipa Part B, makato na ile asilimia 20. Hapo Medigap ya nini? Kwa 2025 kipimo kilikuwa kipato cha dola 1,325 hivi kwa mwezi kwa mtu mmoja, na mali nayo inaangaliwa.

Chukua barua ya Social Security ya mama. Malipo ya Part B ya 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Kama haikatwi kwenye pensheni yake, kuna anayeilipa.

NesiWaZamu (Dallas)

Hili ndilo jibu la maana kuliko yote hapa. Nyongeza: mkiishia Advantage nyingine katikati ya matibabu, mpango mpya lazima uheshimu matibabu yanayoendelea kwa siku 90, hata kama daktari hayumo. Na Januari 1 hadi Machi 31 kuna nafasi moja zaidi ya kubadilisha. Piga HICAP, washauri wa Texas. Ni bure, hawauzi kitu, na omba mkalimani wa Kiswahili.

Mwana_wa_Mbagala (Fort Worth)

Nimetoka kuisoma barua. Haikatwi. Mama anasema kuna fomu alisaidiwa kujaza na dada mmoja wa kanisani, hakumbuki ya nini.

Bukavu_Abilene

Basi kuna kitu. Ila angalia, si lazima iwe QMB. Kuna ngazi za juu yake zinazolipa Part B tu, na ile asilimia 20 inabaki kwenu. HICAP waulize ni ipi kati ya hizo kabla hujagusa chochote.

Mwana_wa_Mbagala (Fort Worth)

Napiga Jumatatu asubuhi, mama akiwa pembeni, maana lazima wasikie ruhusa yake. Baada ya hapo ofisi ya bili. Nitaleta majibu.