Chuma cha tela cha bei nafuu, cha kubebea baiskeli tu: nifunge mwenyewe?

Mtalimbo

Wakuu, habari zenu.

Nina gari dogo la milango mitano, la mwaka 2011, na baiskeli tatu: yangu, ya mke wangu na ya binti yetu wa miaka 9. Tela sina na sina mpango wa kuwa nalo. Ninachotaka ni kile chuma cha kuvutia tela kinachofungwa chini ya bampa la nyuma, nipate pa kuchomeka keria ya baiskeli.

Mpaka sasa natumia keria ya mikanda, ile inayoning'inizwa kwenye mlango wa buti kwa kulabu sita. Imeshanikwangulia rangi sehemu mbili. Mwezi uliopita mkanda mmoja ulilegea njiani, nikatupa jicho kwenye kioo nikaona usukani wa baiskeli ya mke wangu unanipungia mkono. Nikasimama, nikafunga upya kwa kamba ya kuanikia nguo, nikarudi nyumbani polepole kama niliyebeba bibi harusi. Tangu siku hiyo mke wangu hataki hata kuiona hiyo keria.

Fundi niliyemwuliza ametaja bei ya kufunga inayozidi bei ya chuma chenyewe. Nimeona kimoja cha bei nafuu, kimetengenezwa kwa ajili ya modeli yangu, kina tundu la mraba, na maelezo yanasema hakuna kutoboa popote, ni bolti sita tu. Kibandiko kinasema kinavuta kilo 907. Kwa hiyo baiskeli tatu ni mchezo, au vipi?

Mtu asiye fundi, mwenye jeki, boksi la spana na shemeji mmoja mvumilivu, anaweza kukifunga? Waya za taa zinahitajika? Halafu kuna jirani yangu mchomeleaji, anasema atanitengenezea kwa mabaki ya vyuma, bure. Hilo mnalionaje?

Bi Spana

Mtalimbo, unaweza. Cha kwangu nilikifunga mwenyewe miaka minne iliyopita nimelala chali juu ya boksi la friji. Ila hiyo 907 isahau kwanza.

Hiyo ni uzito wa tela, na tela linajibeba kwa magurudumu yake, gari linaliburuta tu. Baiskeli zako hazigusi chini. Uzito wake wote unakandamiza chuma. Tazama kibandiko hicho hicho, kuna namba nyingine ndogo ya uzito wa kukandamiza. Kwa vyuma vya daraja hilo huwa kilo 90 hivi. Halafu fungua kitabu cha gari uone gari lenyewe linaruhusu ngapi, maana magari madogo mengi huishia 50 au 75. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo ya kufuata. Na ukipiga hesabu anza na keria yenyewe. Watu hujumlisha baiskeli wakasahau kwamba keria nayo ni chuma.

Jingine ni umbali. Baiskeli ya tatu inakaa nyuma sana ya bampa, na gari likiruka tuta uzito ule unafanya kazi kama mtu anayening'inia kwenye mpini wa spana ndefu. Ndiyo maana baiskeli nzito inawekwa karibu na gari na ile nyepesi nje kabisa.

Usinunue keria kabla ya kupima tundu. Mraba mdogo ni inchi 1¼, mkubwa ni inchi 2, na keria nyingi za baiskeli nne zinatengenezwa kwa ule mkubwa tu. Kuna vipande vya kugeuzia kutoka mdogo kwenda mkubwa, lakini vinaisogeza keria nyuma zaidi, na watengenezaji wengine wa keria wanavikataza kabisa. Ukikuta chuma chenye kichwa cha mviringo badala ya tundu, hicho ni cha mtindo wa Ulaya, kichwa cha milimita 50, na keria yake ni nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Kufunga chuma si kazi, kazi ni kutu. Magari mengi yana nati zilizochomelewa ndani ya fremu tangu kiwandani, na zimekaa miaka yote hiyo zikinywa matope. Jioni ya kuamkia siku ya kazi zipulizie mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi pitisha brashi ndogo ya waya ndani ya tundu, pulizia tena. Jaribu kila bolti kwa vidole kabla hujainua chuma. Ikigoma usilazimishe kwa spana, itoe, safisha, rudia. Mimi nililazimisha moja, nati ikang'oka ndani ya fremu ikawa inazunguka na bolti. Kulikata lile bolti kulinilia mchana mzima, nikatamani ningemlipa fundi.

Moto na Risasi

Nimechomelea vyuma miaka 30, kwa hiyo sina chuki na jirani yako. Akitaka kukutengenezea geti, mwache. Hiki mkatalie.

Hajui kile chuma ni cha unene gani kwa mzigo gani, wala hakuna namba yoyote ya kusoma. Akisema atakichomelea moja kwa moja kwenye gari, kimbia. Bati la gari dogo ni jembamba, moto unaunguza kinga ya kutu kwa ndani usipopaona, na tangi la mafuta mara nyingi liko hapo hapo jirani. Bora chuma kilichotumika chenye kibandiko chake. Hicho kikague kama hakijapinda, na mistari ya kuchomelea haina ufa. Rangi iliyobabuka isikutishe. Iliyopakwa upya jana ndiyo ya kuuliza maswali.

Pedeli Moja

Kuhusu waya: keria na baiskeli zisipoziba taa za breki, indiketa wala namba ya gari, huhitaji waya. Zikiziba, unahitaji ubao wa taa wenye namba, na ubao huo unataka soketi. Usipuuze, nchi nyingi kuziba namba ni kosa. Pakia baiskeli, rudi hatua kumi nyuma, tazama.

Tazama pia mdomo wa ekzosi. Tairi la mbele la baiskeli yangu lilikaa sawasawa na ule moshi kwa saa mbili. Nilipofika lilikuwa limelainika kama ubani uliotafunwa.

Mtalimbo

Asanteni sana. Nimekwenda na mizani ya bafuni, nikapima kila baiskeli nikiwa nimeibeba kisha nikajitoa mwenyewe. Yangu 14, ya mke wangu 13, ya binti 9. Keria niliyokuwa naitaka ina kilo 17. Jumla 53. Kitabu cha gari kinasema 50.

Kilo tatu tu jamani. Hizo si kitu?

Bi Spana

Zitoe hizo tatu. Pedeli, vikapu, kufuli, chupa za maji, vyote viingie ndani ya gari. Au tafuta keria nyepesi zaidi. Au baiskeli ya mtoto ilale ndani, viti vya nyuma vikikunjwa upande mmoja. Ukishaanza kubishana na kitabu leo kwa kilo tatu, kesho utabishana kwa kumi.

Mtalimbo

Mrejesho, wakuu. Jumamosi tumefunga.

Jirani nimemwambia ukweli, akanuna kidogo, kisha akaja mwenyewe kushika tochi. Chuma kina kilo 13, si kizito mpaka ujaribu kukishikilia juu ya uso wako huku ukitafuta tundu la bolti. Tukakipandisha upande mmoja kwa jeki ya pili, shemeji akashika upande wa pili. Gari tuliliweka juu ya stendi, na sikuingia chini mpaka nililisukuma kwanza kuona kama linatikisika.

Ekzosi ilikuwa njiani, ikabidi tuishushe. Zile raba zinazoibeba zilikataa kutoka, tukazipaka maji ya sabuni zikateleza. Bolti nne ziliingia kwenye nati za kiwandani bila ugomvi (mafuta niliyapulizia siku mbili mfululizo, Bi Spana alinitia hofu). Mbili zilizobaki zilitakiwa kupita ndani ya fremu, na hapo ndipo saa nzima ilipokwenda. Boksi lilikuja na waya wenye spiringi kichwani: unauingiza kwenye tundu la bolti, unautokeza kwenye tundu kubwa la pembeni, unapachika bamba na bolti, halafu unavuta kama unayevua samaki. Bolti ya kwanza ilidondokea ndani ya fremu. Shemeji aliitoa kwa sumaku ya mlango wa friji iliyofungwa kwenye mshikaki.

Spana ya torki, ile inayolia bolti ikifikia kipimo cha kukazwa, niliazima. Nikakaza kila bolti hadi spana ilie kwa kipimo cha kwenye karatasi, nikiwa na hakika nimeshakaza vya kutosha kwa mkono, kumbe mbili zilikuwa bado sana. Jana, baada ya kilomita 100 hivi, nimekagua tena, na moja imesogea kama robo ya robo ya mzunguko.

Keria inacheza kidogo ndani ya tundu, inagonga kwenye matuta. Hiyo ni kawaida?

Pedeli Moja

Nafasi kidogo ni kawaida. Tafuta pini yenye nyuzi kama za bolti, inayokaza keria kwenye ukuta wa tundu badala ya kupita tu. Kelele itaisha.

Mtalimbo

Nimeipata, kimya. Namba ya gari inaonekana yote, na taa zote ziko wazi. Tumekwenda na kurudi kilomita 60, baiskeli mbili nyuma, ya tatu ndani. Binti anauliza kwa nini ya kwake tu ndiyo inayosafiri kwenye kiti. Mama yake amemwambia ni kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote, nami sikuwa na la kuongeza.