Fishi yangu ilikuwa kamili, lakini darasani nilikwama: hivi tulifundishwa nini?

Walimu wenzangu, ninaandika nikiwa Katuba, hapa Lubumbashi, na sifichi hasira yangu, kwa kuwa hii ni mara ya tatu katika wiki mbili ninaingia darasani na fishi, yaani karatasi ya maandalizi ya somo, iliyoandikwa vizuri toka juu hadi chini, kisha ninatoka nikiona haya kuwatazama watoto usoni.

Jumanne nilikuwa na somo la sehemu katika mwaka wa tano. Usiku wake umeme ulikatika, nikakaa mpaka mshumaa ukaisha, nikikata miduara ya karatasi na kuandika lengo, marudio, uchambuzi, muhtasari na mazoezi, kila hatua na dakika zake. Asubuhi nikauliza ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 1/4. Watoto 74 wakajibu kwa pamoja kwamba ni 1/4, kwa sababu 4 inaizidi 3. Kosa hilo nilikuwa nimelitazamia, nikainua miduara yangu, wakaona, wakacheka. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: “Mwalimu, theluthi ya chungwa na robo ya papai, ipi kubwa?”

Nikanyamaza. Kwamba sehemu hulinganishwa pale tu kitu kizima kinapokuwa kilekile, hilo ninalijua. Kilichonishinda ni kulieleza papo hapo, kwa Kifaransa ambacho wengi wao bado wanakipapasa, maana madarasa ya chini walisoma kwa Kiswahili. Nikamwambia akae, tutaliona kesho. (Kesho hiyo haijafika.)

Ninachokilalamikia ni mafunzo tuliyopewa. Katika humanite za ualimu, yaani sekondari inayoandaa walimu, tulifundishwa kupiga mistari ya fishi, na somo la majaribio tulilifanya mbele ya watoto wachache waliokwisha kuambiwa majibu. Hakuna aliyetusimamisha mbele ya umati huu, ambao umeongezeka tangu elimu ya msingi ilipoanza kuwa bure kweli mwaka 2019, ingawa Katiba ya Kongo ya 2006 ilikuwa imekwisha kuiahidi katika kifungu cha 43. Siupingi uamuzi huo, maana watoto wa jirani yangu wanasoma kwa ajili yake. Ninapinga kuachiwa matokeo yake peke yangu, na chaki mkononi.

Jumatano direkta wa shule alikagua fishi ileile, akaandika kwa biro nyekundu “nzuri sana”, kisha akanigombeza kwa kusahau tarehe. Hakuuliza watoto walielewa nini, wala hajawahi kuketi nyuma ya darasa langu hata nusu saa.

Walimu wa Ruashi, Kampemba na Kamalondo, swali la papai mngelijibu vipi, zikiwa zimebaki dakika tatu kengele ilie? Kesho nina hesabu tena, na msichana yule huketi palepale.