Difu ya Hilux inalia: krauni na pinioni mpya, au difu nzima ya kutoka Japani?

MtuWaNjoro: Wakuu habari za jioni. Difu ya nyuma ya Hilux yangu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, imeanza kulia, na fundi wangu hapa Nakuru ameifungua akasema meno ya pinioni, ile gia ndogo inayozungusha krauni (gia kubwa), yamelika. Amenipa njia mbili. Ninunue seti mpya ya krauni na pinioni afunge pamoja na beringi mpya, ama nichukue difu kamili iliyotolewa kwenye gari la Japani, anayosema ataifunga siku hiyo hiyo. Ukiweka na pesa ya ufundi, bei zinakaribiana. Jumamosi lazima nilipie moja, gari ni la kazi. Mnanishauri nini?

FundiWaKibuye: Ndugu, Hilux ziko nyingi. Injini gani? Ni fo-wili ama ya kawaida? Reshio ngapi, yaani propela (ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi) inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja? Inalia ukikanyaga mafuta, ukiachilia, ama muda wote? Bila hayo tunapiga ramli tu hapa.

MamaViazi_Molo: Chukua difu nzima, usijisumbue. Mimi nabeba viazi na zangu zote nimeweka za Japani. Ile imepangwa kiwandani, meno yameshazoeana. Hii ya kupanga upya ni kazi ya bahati nasibu.

Timboroa: Mama, hiyo "ya kiwandani" ulijuaje imetembea kilomita ngapi? Yaani unanunua ubovu wa mwenzako ukiwa umepakwa rangi nyeusi. Angalau seti mpya unaijua umri.

MamaViazi_Molo: Unaishika pinioni kwa mkono, unaitikisa. Ikicheza unaiacha. Unafungua tundu la oili, unachovya kidole. Ukiona chembe za chuma unarudi nyumbani. Nyinyi wanaume mnapenda kununua kwa macho.

Shinyalu: Naomba nieleze yaliyonikuta kabla hujalipa hiyo Jumamosi. Nilinunua seti mpya, nzuri kabisa, krauni na pinioni zikiwa na namba zinazofanana. Shida haikuwa seti. Shida ilikuwa aliyeifunga. Gereji siitaji, iko Kisumu. Jamaa hakuwa na geji ya kupimia nafasi kati ya meno. Aliisukuma krauni kwa kidole, akasema "hapa iko sawa". Nati ya pinioni akaikaza kwa bomba refu mpaka pinioni ikawa ngumu kuzunguka, kisha akairudisha nyuma kidogo "ilegee". Sasa ndani ya pinioni kuna spesa nyembamba ambayo inaminyika unapokaza. Ikishaminyika hairudi. Ukilegeza nati, ile nguvu ya kubana beringi imekwisha, na spesa ni ya kutupa. Yeye alikuwa akikaza na kulegeza tu. Gari lilitoka kimya kabisa, nikamsifu hata. Nikapakia simiti nikaelekea nyumbani. Mamboleo nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Kiboswa mlio umekua na harufu ya oili imeanza. Kufika Majengo, gari likapiga kishindo, magurudumu ya nyuma yakashika. Pinioni ilikuwa imejisukuma mbele, imemeza meno ya krauni. Seti mpya, beringi mpya, oili mpya, vyote vikaenda kwa chuma chakavu. Simiti ililala barabarani na mimi juu yake.

FundiWaKibuye: Pole sana Shinyalu. Hapo ndipo penye neno. Kwenye difu nyingi za Toyota za inchi 8, kitabu kinataka nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni iwe milimita 0.13 hadi 0.18. Hakuna kidole kinachopima hiyo. Halafu unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unaangalia alama ya mgusano. Alama ikiwa karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali na krauni, unaongeza shimu (washa nyembamba ya chuma) nyuma ya beringi yake kubwa. Ikiwa chini kwenye shina la jino, unapunguza. Kila ukibadilisha shimu unatoa beringi kwa presi, na ndiyo maana kazi inakula siku. Beringi mpya nazo zinataka kubanwa zaidi ya zile kuukuu, takribani mara mbili.

MtuWaNjoro: Asanteni. Injini ni 5L, gari ni fo-wili. Reshio sijui. Inalia nikikanyaga mafuta kuanzia kama 60, nikiachilia inanyamaza.

Timboroa: Fo-wili! Mbona hukusema mwanzo? Sasa hiyo difu ya Japani lazima reshio ilingane na ya mbele. Vinginevyo ukiingiza fo-wili kwenye lami, nyuma na mbele zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Wa_Bondo: Kujua reshio ni rahisi. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, izungushe mara moja, hesabu mizunguko ya propela.

FundiWaKibuye: Mara mbili, si moja. La pili likiwa chini limesimama, hilo lililo juu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Propela ikizunguka mara nne na kidogo ni 4.1, ikienda nne na nusu hivi ni 4.556. Lakini yake imeshafunguliwa, ahesabu meno tu. Krauni 41 kwa pinioni 9 ndiyo 4.556, kwa pinioni 10 ndiyo 4.1. Asome pia kibati ndani ya boneti, sehemu ya AXLE.

Wa_Bondo: Na yoyote utakayofunga, weka oili ile ile ya gia, inafanya kazi kote.

FundiWaKibuye: La hasha. Pinioni imekaa chini ya katikati ya krauni, meno yanateleza kwa kusuguana sana. Hapo unataka oili ya gia ya daraja la GL-5. Na hiyo GL-5 usiimwage ovyo kwenye giaboksi, inaweza kuzila shaba za ringi za ndani.

Wa_Bondo: Babangu alitumia oili moja miaka yote na Peugeot 504 yake.

MamaViazi_Molo: Ile 504 usiilete hapa, hiyo haikuwa gari, ilikuwa ng'ombe.

MtuWaNjoro: Nimehesabu, ni 41 na 9. Muuzaji wa difu ya Japani anasema yake ni "ya Hilux tu, zote sawa". Na fundi wangu nimemuuliza kuhusu geji, amecheka.

Shinyalu: Amecheka?

Timboroa: Basi Jumamosi usilipe chochote. Muuzaji ahesabu meno mbele yako. Ukiamua seti mpya, tafuta mwenye geji hata kama yuko Eldoret. Na mzigo usibebe kilomita 800 za kwanza.

MtuWaNjoro: Kilomita 800 bila mzigo? Nitakula nini mkuu?

MamaViazi_Molo: Ndiyo nikasema difu nzima.

Wa_Bondo: Fundi wa Kibuye, hiyo geji unaazimisha?