Mtoto wa miaka 4 kapasua TV ya inchi 43: nibadilishe kioo au niuze spea?

MamaSwabra_Bombo
Habari zenu wakubwa. TV ni flati ya inchi 43, ina mwaka mmoja na nusu, ilinunuliwa shilingi 1,050,000 za Uganda. Mtoto wa jirani kairushia kigari cha chuma. Pembe ya chini kushoto kuna nyufa kama utando wa buibui, katikati doa jeusi kama wino, kulia mistari ya rangi imesimama wima. Sauti iko, rimoti inafanya kazi. Fundi mmoja anataka 780,000 kwa kioo kipya pamoja na kazi. Mwingine anasema atatoa "kioo cha juu" peke yake na kuweka kingine kwa 250,000. Nani mkweli hapo? Na jirani kakubali kulipa, nimtajie kiasi gani kisiwe cha kumwonea?

FundiBodi_Arua
Mama Swabra, huyo wa 250,000 muepuke. Watu wamezoea simu, ambako mara nyingi kioo cha nje hubanduliwa na skrini ikabaki. TV nyingi za flati hazina kioo cha nje. Unachogusa kwa kidole ni utando wa plastiki uliogandishwa juu ya paneli yenyewe, na paneli ni vioo viwili ambavyo kimoja kimoja hakifiki unene wa milimita moja, vimebana kimiminika katikati. Doa jeusi ni hicho kimiminika kimehama mahali pake. Mistari wima ni njia za umeme zilizochapwa ndani ya kioo, zimekatika. Hakuna gundi ya kuziba hapo.

Ukingoni mwa paneli kuna tepe nyembamba zenye chipu, mafundi tunaziita COF. Zimebandikwa kiwandani kwa mashine ya joto na mgandamizo, huwezi kuzichomea kwa risasi. Ndiyo maana paneli hubadilishwa nzima, na ndiyo maana bei yake inakaribia ya TV mpya: paneli ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na ikisafirishwa peke yake hupasuka kirahisi, kwa hiyo muuzaji anakulipisha na zile zilizovunjika njiani.

Wengine wanaosoma wasikate tamaa lakini. Si kila TV iliyoangushwa na mtoto imekufa kioo. Kama sauti ipo na skrini ni nyeusi tii bila ufa, zima taa za chumba, weka tochi karibu na skrini kwa kuinamisha. Ukiona picha hafifu inatembea, paneli ni nzima, zilizokufa ni taa za LED za nyuma au umeme wake, na hiyo inatengenezeka. Ukiona madoa meupe ya mviringo yanayong'aa kupita kiasi, vilenzi vya plastiki vimebanduka juu ya LED kwa kishindo cha kuanguka. Vinarudishwa kwa gundi. Kazi iko kwenye kuifungua: paneli lazima iondolewe kwanza na watu wawili, mmoja kila upande, na ikipinda kidogo tu basi umeongeza hasara. TV ikifunguliwa kwa ajili ya LED zilizoungua, badilisha mistari yote ya LED kwa pamoja. Ukichanganya mpya na iliyochoka, ile ya zamani itafuata baada ya muda mfupi na utalipa kazi mara mbili.

Yako, kwa dalili ulizotaja, ni paneli. Hakuna la kupima zaidi.

Spea_Kampala
Naongeza moja ambalo wengi hulikosea: acheni kuiwasha. Najua watoto wanataka kusikiliza katuni hata bila picha. Paneli iliyopasuka inaweza kuwa na shoti ndani, nayo inavuta umeme wa tikoni (bodi inayolisha paneli, kwenye TV nyingi za sasa imeunganishwa na bodi kuu). Ikiungua hiyo, umepoteza kitu ambacho kingeuzika. Chomoa ukutani, bandika selotepu pana juu ya nyufa ili vipande visimkate mtoto, isimamishe uso ukielekea ukuta.

Inauzikaje? Usiifungue. Fundi anayenunua spea anataka aiwashe mwenyewe dakika moja, asikie sauti na aone taa za nyuma, ndipo anajua bodi kuu, bodi ya umeme na LED ni nzima. Ikifika kwake imeshafunguliwa na skrubu hazitimii, anakata bei mara moja, na ana haki. Piga picha mbili: lebo ya nyuma yenye modeli, na tundu zote za HDMI na antena. Rimoti, miguu na skrubu zake viende pamoja. Bodi kuu ya TV smati ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sababu radi na umeme wa kupanda na kushuka huua bodi za watu kila msimu wa mvua huku paneli zao zikiwa salama.

Kabla ya kuuza, akaunti. Skrini huioni vizuri, basi ingia kwa simu kwenye akaunti ya Google na ya huduma yoyote ya filamu uliyoweka, toa kifaa hicho kwenye orodha, badilisha nenosiri. Mnunuzi ataweka bodi yako kwenye TV nyingine na jina lako litatokea pale.

Mzee_wa_Flati_Jinja
Nakubaliana na waliotangulia, ila sikubali kwamba paneli kamwe haibadiliki kwa faida. Kuna njia ya tatu: kutafuta TV iliyokufa bodi lakini kioo kizima. Kwa inchi 32 haina maana, mpya ni nafuu. Kuanzia 50 kwenda juu hesabu inabadilika. 43 iko katikati, inategemea unaipata kwa ngapi.

Kosa kubwa ni kutafuta kwa modeli ya TV. Kiwanda kimoja hutoa modeli ileile na paneli tofauti, leo ya huyu kesho ya yule. Namba inayofaa ni ya paneli yenyewe, ipo kwenye stika mgongoni mwa paneli, ndani, baada ya kutoa mfuniko. Ilingane herufi kwa herufi. Zikitofautiana, unaweza kupata picha iliyogeuka juu chini, rangi za ajabu, au isiwake kabisa.

Ukiipata, ikaguliwe pale pale kabla hela haijatoka mfukoni. Waweke picha tupu kwa zamu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Nyeupe inaonyesha kivuli na uchafu, nyeusi inaonyesha nukta zinazowaka bila ruhusa. Iache iwake nusu saa, maana COF iliyolegea hutoa mstari ikishapata joto. Na usafiri: isimame wima, isilazwe, povu au blanketi pande zote mbili. Bodaboda hapana, mama, hata kwa kilomita moja. Kodi gari.

Kwa 780,000 ungekuwa unalipia robo tatu ya bei ya TV mpya ili upate kioo ambacho pengine garantii yake inaishia mlangoni pa duka. Mimi singelipa.

MamaSwabra_Bombo
Asanteni sana. Basi nauza spea. Na jirani je? Na nyingine nitakayonunua nifanyeje, huyu mtoto tunaishi naye ua mmoja.

Mjumbe_Busia
Kuhusu jirani: asilipe bei ya dukani, kwa sababu kilichovunjika si kipya. Ulizia TV kama yako, iliyotumika, inauzwa ngapi sasa. Ondoa ulichopata kwenye spea. Tuseme iliyotumika ni 700,000 na spea zimekuingizia 150,000, basi hasara ni 550,000, na hiyo ndiyo ya kuzungumza. Kama mtoto aliachwa kwako uangalie, wengi hugawana nusu kwa nusu. Mambo ya polisi msiyaguse, kwa sheria ya Uganda mtoto aliye chini ya miaka 12 hana jinai. Mkitaka kulipana kwa awamu, andikeni karatasi mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), tarehe na kiasi, kila mmoja abaki na nakala.

FundiBodi_Arua
Kuhusu mpya: ukutani. Inchi 43 ina uzito wa kilo 8 hivi, ukuta hauuhisi. Unachokikinga ni mtoto kuning'inia na kuivuta imwangukie. Chini ya TV iwe mita 1.2 au 1.3 kutoka sakafuni, na waya wa umeme usining'inie mbele, huo ndio anaoushika kwanza.

Pima matundu manne ya nyuma katikati hadi katikati. Kwa 43 mara nyingi ni milimita 200 kwa 200. Nunua breketi ya kipimo hicho. Bolti zikaze kwa vidole kwanza: zikiingia mizunguko miwili tu ni fupi, zikigoma kabla ya kubana breketi ni ndefu, na bolti ndefu hutoboa ndani ikagusa bodi. Kuna TV zimeuawa na fundi wa breketi, mtoto akasingiziwa.

Ukuta wa tofali la kuchoma: toboa kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye udongo wa kiungo, keke ya milimita 10, fisha (kizibo cha plastiki cha kushikia skrubu) ya 10, skrubu ya milimita 8 yenye urefu usiopungua 60. Plasta peke yake haishiki chochote. Nyumba ya udongo na miti, usipige fisha. Funga ubao mnene kwenye nguzo mbili kisha breketi juu ya ubao. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Akikatazwa, TV ikae mezani lakini mkanda wa nailoni utoke kwenye matundu ya juu ya nyuma hadi kwenye ndoana moja ukutani, umekazwa.

Kwa vigari vinavyoruka: karatasi ya pasipeksi (plastiki ngumu inayoona kama kioo) ya milimita 3, sentimita 98 kwa 57 inafunika 43. Watengeneza vibao vya matangazo huikata. Itundike kwa mikanda juu, acha nafasi ya sentimita moja, usizibe matundu ya hewa ya nyuma. Itaakisi dirisha mchana, hilo huliepuki. Nyundo haiizuii.

Spea_Kampala
Na uji au soda vikimwagika juu ya skrini: chomoa, futa, usiiwashe siku mbili. Maji hushuka hadi ukingo wa chini, na TV nyingi zina COF huko. Soda ni mbaya kuliko maji kwa sababu sukari na asidi yake vinabaki na kula shaba polepole. TV inawaka vizuri leo, mstari unatokea wiki ijayo. Kwa soda ifunguliwe, ukingo usafishwe kwa spiriti ya asilimia 99. Na kalamu ya wino isisuguliwe kwa dawa ya meno, jamani. Ule utando wa juu ni plastiki.