Société Générale ya Ubelgiji ilishikaje shaba ya Katanga kwa hisa chache?

MwanaKatuba:
Ndugu zangu wa Lubumbashi, salamu kwenu. Marehemu babu yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, pale penye bomba refu la moshi, na maisha yake yote alimtaja bwana mmoja tu, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Juzi nimesoma kwamba Union Minière yenyewe ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Brussels iitwayo Société Générale, ingawa kampuni hiyo ilimiliki chini ya sehemu moja ya kumi ya hisa zake. Mwenye fungu dogo namna hiyo aliwezaje kuwaamuru wengine? Na kampuni hiyo iko wapi leo?

Mwalimu wa Kamalondo:
Mwanangu, kwanza tusiichanganye na benki ya Ufaransa yenye jina linalofanana, iliyoanzishwa Paris mwaka 1864. Hii ya Brussels ni kongwe zaidi: iliundwa mwaka 1822 na Mfalme Willem I wa Uholanzi, kabla Ubelgiji haijawa nchi. Baada ya Wabelgiji kujitenga mwaka 1830, ilijizoeza kununua hisa za migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma na reli, na kukaa nazo miaka mingi huku ikiwaweka watu wake katika mabaraza ya wakurugenzi.

Kwetu iliingia mwaka 1906, Leopold II alipoishirikisha katika kuanzisha kampuni tatu kwa mara moja: Union Minière, kampuni ya reli ya BCK, na Forminière ya almasi. Katika Union Minière ilimkuta mshirika wa Kiingereza, Tanganyika Concessions ya Robert Williams, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la Comité Spécial du Katanga, chombo kilichosimamia ardhi na madini ya Katanga, ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa na theluthi mbili na kampuni binafsi, Compagnie du Katanga, theluthi moja.

Sasa nijibu kiini cha swali lako. Hisa nyingine zilitawanyika kwa watu wengi wadogo wasiohudhuria mikutano, na serikali, ijapokuwa ilikuwa na sauti kubwa, haikupenda kuendesha migodi yenyewe. Aliyekuwa na wahandisi, wahasibu, mikopo na wanunuzi ndiye aliyeamua. Shaba ilisafiri kwa reli ya kampuni ndugu, ikasafishwa Hoboken, Ubelgiji, katika kiwanda cha ndugu mwingine, ikauzwa na Société Générale des Minerais, iliyoundwa mwaka 1919. Mwaka 1928 Société Générale ilipoimeza Banque d'Outremer, ilipata pia kampuni nyingi za Kongo zilizokuwa chini ya benki hiyo. Kwa maoni yangu, wanaohesabu asilimia za hisa peke yake hawataielewa historia ya mji huu.

MtotoWaLikasi:
Mwalimu amesema kweli, nami naongeza kwamba ushahidi uliandikwa kwenye ramani yetu. Mkuu wa Société Générale aliitwa gavana, kama mtawala wa jimbo. Jean Jadot, mhandisi aliyejenga reli ya Beijing hadi Hankou nchini China, alikuwa gavana tangu 1913 hadi 1932, na mji wetu wa Likasi ukaitwa Jadotville. Aliyemfuata, Émile Francqui, alikuwa amefika Katanga katika msafara wa 1891 na 1892. Ilebo, bandari ambako reli ya BCK ilifika mwaka 1928, iliitwa Port-Francqui.

Kuhusu mwisho wa Société Générale: mnamo Januari 1988 tajiri wa Kiitalia, Carlo De Benedetti, alitangaza kwamba anataka kuichukua. Hisa zake nazo zilikuwa zimetawanyika, haikuwa na mwenyewe halisi, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Baada ya miezi ya mvutano, kampuni ya Suez ya Ufaransa ndiyo iliyoshika usukani, na mwaka 2003 jina la kale lilifutika ilipounganishwa na Tractebel, kampuni ya nishati ya Ubelgiji. Union Minière yenyewe inaitwa Umicore tangu 2001.

MwanaKatuba:
Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu wa Likasi. Limebaki jambo moja linalonisumbua. Babu alisisitiza kwamba baada ya serikali ya Kongo kutaifisha migodi, ofisini waliendelea kuonekana mabwana wale wale. Mimi nilidhani ni uzee unaomchanganya.

Mwalimu wa Kamalondo:
Babu yako hakuchanganyikiwa. Haki za Union Minière ziliondolewa mwishoni mwa 1966, kisha kampuni ya taifa, ambayo leo ni Gécamines, ikaanza Januari 1967. Lakini Brussels ilizuia shaba isiuzwe, na serikali haikuwa na mafundi wa kutosha wala wanunuzi. Mwezi wa pili mwaka huo huo ilitia saini mkataba wa uendeshaji na uuzaji, na aliyepewa kazi hiyo ni Société Générale des Minerais, ile ile iliyouza shaba zamani.