Saa saba za usiku hatuna pa kulala, yeye anapiga MWAYO!

Wadau, naandika mikono inatetemeka, na si kwa baridi, ingawa baridi ipo. Tuko Iceland, usiku wetu wa pili kwenye kampavani ya kukodi, gari lenye kitanda na jiko ndani. Ninayemsema nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule fundi safari wetu, anayewapangia watu njia hata hawajamuomba. Jana usiku kanipigia mwayo. Mwayo! Kwenye simu. Sikioni kwangu mimi.

Tulipokuwa tunajiandaa nilimuuliza swali moja tu: gari tukishalichukua, usiku tunalala wapi? Akajibu, "Popote. Watu wenyewe kule laki nne hawafiki, nani atakufukuza? Ukiona maporomoko mazuri, zima gari, lala." Nikauliza tena. "Popote, dada. Mimi nimelala huko." Nikauliza mara ya tatu, mume wangu akaanza kunionea aibu. Popote!

Basi jana tumeteremka kusini na Barabara namba 1, tukapita maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, tukafika kwenye ufukwe ule wa mchanga mweusi kabla ya mji wa Vík. Tukaegesha. Mwezi huu giza halishuki sawasawa, anga linabaki na mwanga wa magharibi usiku kucha, kwa hiyo hata hujui umechelewa. Tambi zimeiva, birika limeanza kuimba, mtoto amevaa soksi moja na nyingine anaitafuta. Mara ko! ko! ko! Mtu anagonga kioo kwa ufunguo.

Mzee wa watu, sweta la sufu lenye nakshi shingoni, wala hakupaza sauti. Ametunyooshea tu kidole kwenye bango: picha ya hema na picha ya gari, mstari mwekundu umepita juu yake. Akatueleza taratibu kwamba tangu Novemba 2015 sheria haimruhusu mtu kulala kwenye gari nje ya viwanja vya kambi mpaka mwenye ardhi aseme ndiyo. Na mwenye ardhi hajasema ndiyo. Mtoto wangu wa miaka sita akaniuliza, "Mama, kwani tumeiba?"

Hapo ndipo nikampigia fundi. Saa saba za usiku. Nikamwambia tumefukuzwa, tuna mtoto, sheria ipo tangu 2015. Kimya. Halafu nikasikia taya linafunguka. Mwayo mrefu, jamani, mwayo wenye mwanzo, kati na mwisho, mwayo ungeweza kumeza kampavani na jiko lake! Halafu akasema, "Aaah, mimi nilikwenda 2012." Kisha akapiga mwingine.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Kiwanja cha kambi kiko Vík pale pale, kama kilomita 10 mbele. Hakuna kuweka nafasi wala nini. Tumeingia, tumeegesha kwenye nyasi, asubuhi tumelipa kwa kichwa, kuna maji ya moto na sehemu ya kuoshea vyombo. Sentensi moja tu ingetosha: "Laleni kwenye kambi." Hakuisema. Pumzi aliitunzia mwayo.

Sitaki ushauri. Nataka mseme kama ni haki.

Kiguu_na_Njia: Si haki. Huyo huyo mimi alinipangia barabara za F kwa kigari kidogo. Zile za nyanda za juu zenye herufi F ni za magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na kuna mito ya kuvuka haina daraja! Nilipomuuliza akaniambia nipite polepole. Pole sana dada.

BabuKaseti: Mleta mada, bango lina picha. Picha haina lugha. Ulikuwa unatazama wapi?

MamaSoksi (mleta mada): Nilikuwa natazama bahari! Na hata kama bango sikuliona, hilo linampa mtu ruhusa ya kunipigia mwayo?

Mzee wa Breki: Umempigia mtu saa saba usiku, ulitaka akuimbie?

MamaSoksi (mleta mada): Nilitaka aseme POLE. Herufi nne! Mwayo wake ulikuwa mrefu kuliko neno lenyewe mara kumi.

Ziwani: Afadhali nyie mlioambiwa taratibu. Uskoti kila mtu alituimbia "haki ya kupiga kambi, haki ya kupiga kambi". Tumefika ziwa Loch Lomond ndipo tunaelezwa kwamba haki ile ya sheria ya 2003 ni ya mtu wa miguu na baiskeli, gari halimo. Na kandokando ya ziwa sehemu nyingi, kuanzia Machi hadi Septemba, lazima uwe na kibali hata ukiwa na kihema. Tumezunguka lile ziwa mpaka mke wangu akaacha kuongea na mimi. Siku mbili!

Kiguu_na_Njia: Siku mbili ndogo. Wa kwangu wiki.

Ndoo Kubwa: Ngojeni niwape ya Nyuzilandi ndiyo mtajua hamjui. Tumekodi gari, tumeambiwa lina choo, tunaweza kulala hata sehemu za bure. Kumbe choo chenyewe ni ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda. Sheria ya 2023 inataka choo kilichokazwa kwenye gari kisitoke, na uweze kukitumia hata kitanda kikiwa kimekunjuliwa. Kadi ya ukaguzi inayotakiwa dirishani ni ya kijani. Ya kwetu ilikuwa ya bluu, ya zamani, imepauka. Mkaguzi akachungulia, akaona ndoo, akaona kadi, akatuangalia sisi. Yule aliyetukodishia gari mpaka leo hapokei simu. Mwayo? Mimi natamani angalau huo mwayo!

BabuKaseti: Hahaha, ndoo! Uzi umepata mwenyewe.

MamaSoksi (mleta mada): Usiutamani, Ndoo Kubwa. Hujausikia.

Viti Vinne: Ujerumani mnaruhusiwa kusimama usiku mmoja dereva apumzike arudishe nguvu ya kuendesha. Kupumzika tu. Mume wangu katoa viti vinne, meza na kitambaa cha meza. Jirani wa gari la pembeni akaja kutuambia kwamba mkilala ndani mnapumzika, mkitoa kiti mnapiga kambi. Nikamwangalia mume wangu. Akakaa.

Mzee wa Breki: Akakaa!! Huyo ni mwanaume.

Upepo Mkali: Nyie mnalalamikia pa kulala, kuna mtu hapa ameng'olewa mlango? Iceland hiyo hiyo. Nimefungua mlango wa dereva upepo ukitokea nyuma, ukaubeba kama ukurasa wa daftari, bawaba zikalia krrr. Bima zote nilikuwa nimelipia, ya kokoto, ya mchanga na majivu. Kurudisha gari naambiwa mlango uliochukuliwa na upepo haumo. Geuza gari litazame upepo, shika mlango mikono miwili, ndipo ushuke. Haya ndiyo mambo ya kufungulia uzi.

Ziwani: Mlango unatengenezwa. Ndoa je?

BabuKaseti: Mlango, ndoa, vyote vidogo. Hakuna aliyewahi kumwaga kaseti ya choo, lile tangi la uchafu la kuchomoa, asubuhi, njaa tupu, huku watu watano kwenye foleni nyuma yako wamebeba za kwao? Na kila kambi imeficha sehemu ya kumwagia kona yake. Mimi nimebeba ile kitu nikizunguka uwanja mzima, nasalimia watu.

Viti Vinne: Kuna kitufe cha kuingiza hewa wakati unamimina. Usipokibonyeza inakurudia. Wa kwangu hakukibonyeza.

Upepo Mkali: Hakukibonyeza?

Viti Vinne: Viatu tuliviacha hapo hapo.

MamaSoksi (mleta mada): Jamani, narudia. Mtu mzima, saa saba za usiku, mtoto anauliza kama tumeiba, yeye anafungua taya lote. Mara MBILI. Hakuna wa kusema chochote?

Ndoo Kubwa: Viti Vinne, hicho kitufe kiko upande gani? Hii tuliyokodi safari hii ina kaseti kweli, na zamu ya leo ni yangu.

Viti Vinne: Geuza mdomo wa kumiminia uelekee mbali nawe, kitufe utakikuta karibu na mpini, dole gumba linakifikia. Kibonyeze mdomo ukishatazama chini tu, usisubiri ianze kugugumia.

BabuKaseti: Na vaa viatu usivyovipenda.