Sheria kwa jicho la uchumi: nianze na LLB (degree ya sheria), nianze na uchumi, au nijisomee tu?

HGE_Mtoro
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza form six HGE (History, Geography, Economics), Economics nina B, na maombi ya vyuo ndo haya yameanza. Sheria naitaka ila sio ile ya kukariri vifungu tu, kuna ticha wetu wa uchumi siku moja alitugusia kwamba faini ni bei, ukiipandisha watu watalinunua kosa mara chache zaidi, basi toka siku hiyo sijatulia. Njia ninazoziona: LLB afu masters ya sheria na uchumi, au BA Economics kwanza afu LLB, au LLB peke yake na uchumi najisomea jioni. Mzee nyumbani anasema wakili ni wakili, hayo mengine mbwembwe. Nani kapita huku?

joho_jeusi
Mdogo wangu mzee wako hajakosea sana. Pale Law School, unakopita ili uwe wakili, wanataka LLB, basi. Ukisoma BA Economics afu ukaunga masters ya sheria na uchumi Ulaya utakuwa mchambuzi mzuri, utaitwa kwenye semina, ila joho hulivai. Hili watu wengi hawaambiwi mapema. Na ukisema uchumi kwanza afu LLB, sawa, lakini hesabu miaka, afu jiulize ada ya degree ya pili analipa nani. Mimi niko mahakamani mwaka wa sita na hakuna hakimu aliyewahi kuniuliza mambo ya uchumi, ananiuliza kiapo kiko wapi.

EGM_damu
@joho_jeusi hiyo ni kwa sababu unafanya talaka na mirathi kaka 😂 Njoo huku kwenye kesi za ushindani wa biashara. Sheria yetu ya ushindani ya 2003 ilipotungwa ilisema ili uhesabiwe unatawala soko, sehemu yako ya soko lazima ivuke asilimia 35. Haya, asilimia ya soko lipi? Maji ya chupa na soda ni soko moja au mawili? Bei ya soda ikipanda watu wanahamia maji au wanaendelea kunywa soda? Hapo kesi nzima inasimama kwenye uchumi, na wakili asiyeelewa anabaki kumtazama mtaalamu wa upande wa pili kama anasikiliza Kichina. Faini yenyewe inahesabiwa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka, sio hela ya mchezo.

mfugaji_msomi
Naona mnaongelea kazi tu, ngoja niseme kidogo somo lenyewe lilivyo maana dogo anaweza kuingia akidhani ni hesabu za kodi. Mtu anayetajwa sana ni Ronald Coase, mchumi Mwingereza, hakuwa mwanasheria kabisa ila alifundisha kitivo cha sheria Chicago, na makala yake ya 1960 ndo imewapa watu kazi mpaka leo, Nobel akapewa 1991. Mfano wake mmoja ni wa ng'ombe kuingia shamba la jirani. Sisi tuliokulia Kilosa huo mfano hatuhitaji kuchorewa ubaoni! Anasema hivi, kama haki ya kila mmoja inajulikana na kukaa mezani hakugharimu kitu, basi sheria impe haki mkulima au impe mfugaji, ardhi itaishia kwenye matumizi yenye thamani zaidi, kitakachobadilika ni nani anamlipa nani. Wengi wanaishia hapo wanasema kumbe sheria haina maana. Hapana! Hoja yake ni kwamba kukaa mezani KUNA gharama. Mfugaji anapita na kundi kwenye mashamba ya watu arobaini, mpaka haueleweki, mazungumzo yanachukua wiki na ng'ombe hawasubiri wiki, sasa hapo ndo sheria inaamua nani anabeba hasara na nani atajenga uzio. Nilivyolielewa hilo nikaanza kusoma sheria za ardhi kwa macho mengine kabisa.

Kwa hiyo mimi nasema LLB, afu masters. Kuna ile ya Ulaya iliyoanza 1990, ni mwaka mmoja unahama chuo katikati, Rotterdam na Hamburg vimo, na wanapokea wa sheria na wa uchumi pia.

wakwa_Eldoret
Huku Kenya pia tuko na hii mjadala. Mimi nilifanya economics kwanza, sasa niko LLB third year, na sijutii, lakini wacha niwaambie shida. Darasani tulisoma ile kesi ya Jaji Learned Hand, New York 1947, tishari (boti la mizigo) limeachia kamba na mlinzi hayuko, jaji akasema pima gharama ya tahadhari dhidi ya uwezekano wa ajali mara ukubwa wa hasara, tahadhari ikiwa rahisi kuliko hiyo na hukuichukua, umezembea. Tamu sana. Lakini hasara unapimaje? Kwa kipato? Basi ukigonga mama mboga umeharibu kidogo kuliko ukigonga daktari. Thamani ikiwa ni kile mtu ako tayari kulipa, mwenye hana kitu hana kura. Nilimuuliza lecturer, akacheka, akasema hiyo ndiyo swali ya mtihani.

joho_jeusi
@wakwa_Eldoret hapo umenishika. Fidia za ajali nazifanya kila mwezi na kweli tunapigia hesabu kipato, sikuwahi kufikiri huo ni uchumi.

HGE_Mtoro
Nimewaelewa wakubwa. Naenda LLB, na masters nitaangalia mbele ya safari. Swali la mwisho, BAM (zile hesabu za ziada) nimepata S, alama ya chini kabisa kabla ya kufeli 🙈 hizo hesabu za masters zitanitoa jasho?

EGM_damu
S?? Dogo anza na grafu za mahitaji na ugavi leo leo, kabla hujaripoti chuo. Uwezekano na kutafuta mteremko wa mstari pia. Ukikwama njoo hapa, ila usije usiku wa kuamkia mtihani.